Mlima Hauna Timu

Wasee, leo si stori ya Arsenal. Leo ni kriketi. Najua nusu yenu mmeshapita na waliobaki mmebaki kuona vile nitajiaibisha. Sawa, kaeni hapo.

Nianze na aibu yenyewe ndio tuimalize. Januari 2025 mathe alinitumia karo. Yeye huuza karoti na kabeji soko la Karatina, na pesa zilikuja kwa simu mara tatu: elfu kumi, halafu elfu tano, halafu elfu tatu na mia tano saa tatu usiku baada ya kufunika meza. Jumla 18,500. Nilikuwa mwaka wa pili kwa chuo ambacho hakina kosa lolote kwa hii stori, kwa hivyo wacha kikae bila jina. Kosa ni langu. Nilikuwa na mkeka wa timu sita na niliweka karo yote.

Tano za kwanza ziliingia, zote mpira. Ya sita nilikuwa nimeiongeza tu juu ilionekana ya bure. Mumbai dhidi ya Jammu na Kashmir. Mumbai nilikuwa naijua kutoka kwa sinema, hao wengine sikuwa nimewahi kuwasikia. Ilikuwa kriketi, kombe linaitwa Ranji Trophy, na nilidhani mechi itaisha kwa masaa mawili.

Ilichukua siku tatu.

Manze, hakuna kifo kirefu kama hicho. Mpira ukikuua unakuua kwa dakika tisini, unalala, asubuhi unaamka na maisha mapya. Hii ilianza Alhamisi saa moja asubuhi, saa zetu, na niliifuata kwa simu nikiwa hosteli, nikisoma namba ambazo sikuzielewa. Nikauliza intaneti Mumbai ni nani. Nikaambiwa ndio mabingwa, wamechukua Ranji mara 42, na siku hiyo wana Rohit Sharma, kapteni wa India yote, pamoja na Jaiswal, Rahane na Shreyas Iyer. Nikatabasamu. Halafu kijana mmoja mrefu kutoka Pulwama, Umar Nazir Mir, akamtoa Rohit akiwa na mikimbio 3. Mumbai yote ikaenda nyumbani kwa 120.

Kashmir wakajibu na 206. Ijumaa Mumbai wakaamka, Shardul Thakur akaanza kugonga kila kitu, akafikisha mia na bado anaendelea. Ijumaa usiku nililala nikijua nimepona. Jumamosi Mumbai wakaishia 290, Kashmir wakahitaji 205 kushinda, na wakazipata wakiwa wamepoteza watu watano tu. Nilianza kuelewa huu mchezo ukiwa tayari umenimaliza.

Semesta hiyo sikurudi darasani. Mathe alijua mwezi wa tatu. Sitawaambia alisema nini, hakusema mengi, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Saa hii namlipa mia tano kila wiki kutoka kwa hizi video zangu, wiki zingine mia mbili. Mkiona nimeweka tangazo la sabuni msinicheke.

Lakini kuna kitu kiliniuma kuliko pesa, na ndicho kimenileta hapa. Nilitaka kujua hawa watu walionimaliza ni akina nani. Nikaanza kusoma, na nikapata kwamba Jammu na Kashmir si klabu. Hakuna tajiri aliyeinunua. Ni eneo. Ni watu wa milimani, kaskazini kabisa mwa India, mahali pa theluji na mashamba ya matofaa, mbali na pesa, mahali ambapo kwa miaka mingi ukisikia habari zake ni za bunduki na amri ya kutotoka nje. Na wana timu. Ranji iko tangu 1934, iko na timu 38 siku hizi, karibu kila jimbo na yake, na zinacheza hizi mechi ndefu zinazoitwa za daraja la kwanza: kila upande unapiga mara mbili, mara nyingi kwa siku nne. Hapo ndipo India inapimia watu wake. T20 unaweza kubahatisha, piga sita tatu uende kwa mapambio. Siku nne hakuna mahali pa kujificha. Ukiwa mvivu, itajulikana siku ya tatu mchana.

Kashmir waliingia msimu wa 1959-60. Walikaa zaidi ya miaka 20 bila kushinda mechi hata moja. Soma tena hiyo sentensi. Walipigwa, wakarudi, wakapigwa, na hakuna mtu aliwaambia wafunge timu waende nyumbani walime. Mwaka 2014 ndipo mtu wao wa kwanza, Parvez Rasool, alivaa jezi ya India. Baadaye akaja Umran Malik kutoka Jammu, anarusha mpira kwa kasi ya kuogopesha, naye akachezea India. Baba yake ana kibanda cha matunda na mboga sokoni.

Hapo kwa kibanda nilisimama. Juu mimi pia natoka kwa kibanda cha mboga, na mimi pia naona mlima wenye theluji asubuhi nikitoka nje, kama ni kabla ya saa nne wingu halijaufunika. Sasa niambie: mtoto wa Karatina mwenye mkono kama wa Umran Malik, anaupeleka wapi?

Jibu ni Nairobi. Jibu limekuwa Nairobi tangu Wazungu.

Na msiniambie hatuna vipaji. Mnamjua Jimmy Kamande? Msee amezaliwa Murang'a. Alikuwa kapteni wa Kenya kwa Kombe la Dunia la 2011. Kapteni wa Kenya, kwa Kombe la Dunia, mtu wa kwetu, na mimi nilimaliza shule hapa Nyeri bila mwalimu yeyote kunitajia jina lake. Nilijua jina la kila mchezaji wa akiba wa Chelsea. Hajawahi kuchezea timu ya Murang'a ama ya Mlima kwa mechi ya siku nne kwa sababu hakuna timu kama hiyo imewahi kuwa.

Sasa tufike pale mnapopenda. Kila mwezi wa tatu mnaweka picha za 2003. Steve Tikolo, Maurice Odumbe, Thomas Odoyo, Collins Obuya, sisi nusu fainali, machozi, "tulikuwa wapi na tuko wapi". Mimi 2003 nilikuwa mtoto wa kunyonya, lakini nimeangalia hizo mechi zote sasa, na nawaelewa. Tarehe 24 Februari, Nairobi Gymkhana, Sri Lanka wamekuja na majina yao makubwa, na Collins Obuya anawatoa watano kwa mikimbio 24. Tukashinda kwa 53. Tulikuwa tumeshapewa pointi za New Zealand, waliokataa kuja Nairobi wakisema usalama, tukapiga Bangladesh, tukapiga Zimbabwe, tukafika Durban tarehe 20 Machi, na India ikatutoa. Ilikuwa kweli. Hakuna mtu alitubebea.

Lakini angalia ile timu kwa makini. Kina Obuya, Kennedy Otieno, David na Collins, ndugu watatu. Martin Suji na Tony Suji. Kabla yao kulikuwa na kina Tikolo wengine na Odumbe mwingine. Halafu Asif Karim, Hitesh Modi, Ravindu Shah, kutoka kwa familia za Kihindi zilizocheza huu mchezo kwa vilabu vyao miaka na miaka. Wengi wa hao walikulia karibu na viwanja vichache vya Nairobi. Wakati nchi nzima ilikuwa inashangilia, huo mchezo ulikuwa unaishi kwa mitaa michache na meza chache za familia. Mimi sioni hiyo kama sifa. Naona nyumba ya ghorofa imesimama kwa nguzo mbili, na watu wako juu wanapiga picha.

Baada ya Sri Lanka, Warwickshire walimchukua Collins Obuya acheze Uingereza. Warwickshire ni kaunti. Yaani kaunti ya Uingereza ilimwona kijana wetu na kumpa kazi, na hapa kwetu kaunti zenyewe zilikuwa bado miaka kumi kuzaliwa.

Na kuna hii ambayo karibu hakuna anayeikumbuka. Mapema 2004 Kenya ilialikwa kucheza kwa ligi ya ndani ya West Indies, Carib Beer Cup, mechi za siku nne, dhidi ya Jamaica, Barbados, Guyana na wenzao. Fikiria: timu ya taifa letu, iliyotoka nusu fainali ya dunia, ilienda ng'ambo ikawekwa kwa safu moja na visiwa na maeneo ya watu wengine. Na ilikuwa sawa, juu hapo ndipo tulipaswa kuwa kimazoezi. Swali ni kwa nini tulipanda ndege kwenda kutafuta kitu ambacho tungeweza kujenga. Pwani dhidi ya Nairobi. Nyanza dhidi ya Bonde la Ufa. Mlima dhidi ya Magharibi. Siku nne, mara kumi kwa mwaka. Pesa zilikuwepo wakati huo, macho yalikuwepo, watoto walikuwa wanacheza kwa barabara na mbao. Kilichokuja badala yake ni ugomvi wa malipo, mgomo wa wachezaji, Odumbe kufungiwa miaka mitano 2004, na chama cha kriketi kuvunjwa na kuanzishwa kingine 2005.

Mtu atasema walijaribu. Ni kweli, walijaribu. Mwaka 2011 ilikuja ligi ya Afrika Mashariki yenye timu za maeneo. Hebu sikia majina: Nairobi Buffaloes, Rift Valley Rhinos, Coast Pekee. Kutoka Uganda, Nile Knights na Rwenzori Warriors.

Rwenzori Warriors! Uganda waliupatia mlima wao timu ya kriketi. Wetu ni mita 5,199, wao 5,109, na sisi ndio hatukuwa na kitu. Hiyo mimi nimeichukua kibinafsi.

Lakini hata nikiweka wivu kando, zile zilikuwa mechi fupi, za ova 50 na 20, na mara nyingi ukichambua jina la eneo unapata wachezaji ni wale wale wa vilabu vya Nairobi wamegawanywa. Ukimvalisha msee wa Nairobi jezi ya Rift Valley Rhinos hujaipeleka kriketi Kericho. Timu ya eneo ni ile ambayo mtoto wa hapo anaweza kutembea kwa miguu aende kujaribu bahati yake, akataliwe, arudi mwaka ujao. Misimu michache, ikaisha. Januari 2014, huko New Zealand, Kenya ikapoteza hadhi yake ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Hiyo ya Kamande ya 2011, tulipoteza mechi zote sita, ndiyo imebaki kuwa Kombe letu la Dunia la mwisho kwa ova 50.

Nataka niwaonyeshe namba moja halafu niwachane na historia. Mwaka 1996, Pune, Kenya iliwatoa West Indies wote kwa 93. Kila mtu anaijua hiyo, ni kama hadithi ya shosho. Oktoba 2013, Sharjah, Afghanistan walitutoa sisi wote kwa 93, na kwa hiyo mechi wakaingia Kombe la Dunia la 2015. Namba ni ile ile, safari hii tukiwa upande wa kulia. Hawa ni watu ambao wengi wao walijifunzia mchezo kwa kambi za wakimbizi Pakistan, na mwaka 2008 walikuwa daraja la tano. Sasa angalia walifanya nini waliposhika nafasi. Mwaka 2017 walipewa hadhi ya Test, na mwaka huo huo mashindano yao ya siku nne ya maeneo yakatambuliwa kuwa ya daraja la kwanza. Timu moja inaitwa Speen Ghar. Kwa Kipashto maana yake ni mlima mweupe. Mwaka 2024 walikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia la T20. Sisemi Speen Ghar peke yake ndiyo iliwafikisha, walikuwa wameanza kupanda kabla. Nasema walipopanda hawakujaa wote kwa mji mkuu.

Sasa maneno yenu, juu nayajua.

"Huu ni mchezo wa Wahindi na Wazungu." Wazungu ndio, walianza mapema, 1910 maafisa wa serikali walikuwa wanacheza na walowezi, siku tatu mfululizo, na sisi tulikuwa tunawalimia. Kwa hiyo tuwaachie? Gofu pia waliileta, na Nyeri Golf Club iko hapo na wazee wetu ndio wanajaza kila Jumamosi. Hakuna anayewauliza kama gofu ni ya Kikuyu.

"Kwanza tutengeneze mpira." Mpira mmeanza kuutengeneza kabla sijazaliwa. Endeleeni, hatutawasumbua.

"Nani ana siku nne?" Hii ndiyo napenda. Msee, pita hapo stage ya Nyeri saa nne asubuhi siku yoyote ya kazi. Hesabu vijana walioegemea ukuta. Pita Skuta, pita Majengo. Sisi ndio tuna siku nne. Tuna siku nne mara ngapi kwa mwezi? Tunazimalizia kwa simu tukiangalia mechi za watu wengine na kuweka pesa za mathe juu yao. Mimi si mtu wa kuwahubiria kuhusu mkeka, nimewaambia vile niko. Ninachosema ni kwamba mtu yuko Srinagar anacheza, na mimi niko Nyeri nalipa.

Kuna neno moja silipuuzi, nalo ni pesa. Mpira wa ngozi ni ghali, pedi ni ghali, kofia ya chuma ni ghali zaidi, na ule mpira mgumu bila kofia utakuacha bila meno. Kiwanja cha kriketi si kiwanja cha mpira, kinataka mtu wa kukitunza kila siku. Mvua yetu ya Aprili haichezi, na gathano ikiingia mwezi wa saba hakuna mtu atakubali kusimama mbali huko uwanjani masaa sita kwa ukungu. Hizo ni shida za kweli. Lakini upande wa pili wa mlima, Nanyuki kwenda Laikipia, ni kukavu na tambarare na jua liko. Mlima ni mkubwa. Mvua ikiwa Nyeri, tunacheza Nanyuki.

Na huko Laikipia tayari kuna watu. Kaskazini ya Nanyuki, Il Polei, ndiko walitoka Maasai Cricket Warriors. Mmeona picha zao, morani wamevaa shuka na shanga, gongo mkononi. Walianza zaidi ya miaka 15 iliyopita, mtafiti mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa huko kwa kazi ya nyani ndiye aliwafunza, na mwaka 2013 walienda Uingereza kucheza mashindano ya dunia ya timu za ridhaa. Kuna filamu yao, Warriors, ya 2015. Na si mchezo tu, walitumia ile nafasi kusimama mbele ya wazee wao na kupinga ukeketaji na kuozwa kwa watoto wa kike. Unajua inachukua roho ngapi kijana kusimama mbele ya wazee juu ya hiyo?

Sisi wa Nyeri tumewafanyia nini? Tumeweka picha zao kwa status tukaandika "Magical Kenya". Wamekuwa kalenda. Dunia inawapenda juu ya shuka, na hakuna anayeuliza swali la kawaida kabisa ambalo mchezaji yeyote anastahili kuulizwa: wewe ukirusha vizuri mwaka huu, mwaka ujao unachezea nani? Hapo juu yao kungekuwa na timu ya Mlima, yenye watu wa Laikipia, Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru na Tharaka Nithi, hao morani wangekuwa wameshaivalia jezi, na ile shuka ingebaki ya sherehe.

Ndiyo maana mimi siombi stadium. Tukianza na stadium tutapewa jiwe la msingi na picha ya mheshimiwa. Naomba ratiba. Kama kriketi ya Kenya itarudi, wakubwa wake waseme kuna mikoa sita ama saba, kila mkoa ulete watu 15 waliokaa huko, na wacheze siku nne hata kama watu watakaoangalia ni kumi na mbwa. Tutapigwa. Mlima utapigwa na Nairobi mpaka huruma. Kashmir walipigwa miaka 20 na zaidi, halafu Januari moja wakaenda Mumbai.

Sisi tumeanza na kidogo tulicho nacho. Tangu mwezi wa sita tunacheza Jumamosi kwa kiwanja cha shule ya msingi, na mpira wa tenisi uliofungwa tepu ya umeme. Hiyo si akili yangu, ndivyo watoto wa Pakistan hucheza, ukiifunga upande mmoja inapinda hewani kama imelogwa. Gongo letu lilichongwa na fundi wa vitanda, ni zito kama deni. Vijiti ni matofali matatu. Watu tisa ndio wa kudumu, mmoja ni mimi na sijui kupiga.

Lakini kuna msichana mmoja, kidato cha pili, alikuja kumchukua kaka yake akabaki. Anarusha. Sijui alifunzwa na nani, nadhani na mawe ya kufukuza ndege kwa shamba. Wiki ya tatu alitoa watu wanne mfululizo, na mmoja wao ni makanga mwenye mdomo mrefu ambaye hajaongea tangu siku hiyo. Akinipa mpira jioni aliniuliza, "Kaka, nikitaka kucheza hii ya ukweli, naenda wapi?"

Nilimwambia Nairobi. Akauliza Nairobi wapi, na nani atamlipia. Nikajifanya natafuta tepu.

Kwa hivyo hii ndiyo taarifa. Tumeongea na wasee wa Nanyuki ambao pia wako na gongo moja. Desemba shule zikifungwa tunataka kucheza nao, Mlima upande huu na Mlima upande ule, kila upande upige mara mbili, siku mbili juu siku nne bado hatujafika. Wao wako 11. Sisi tuko 9, na msichana tayari nimemhesabu. Nataka wawili. Hauhitaji kujua kitu, unahitaji viatu na uvumilivu. Niandikie ukiwa Nyeri, Karatina, Othaya ama Mweiga.

Mathe nimemwambia pia. Aliniuliza kama huo ndio ule mchezo wa Kashmir. Nikamwambia ndio. Akanyamaza kidogo, akaendelea kufunga karoti, halafu akauliza hao watu wakikaa huko siku mbili nzima watakuwa wanakula nini.